Noti ya Bushehr kwenye Kabati la Bi Zuhura

Noti za kale za Uajemi zinanuka. Wanaozikusanya watakwambia zinanukia historia, lakini waongo hao. Za baba yangu zilinuka mkojo wa panya, ugoro na jasho la watu waliokufa zamani, na harufu hiyo ilihamia sebuleni kwetu Temeke ikakataa kutoka. Baba alikuwa fundi seremala, ana banda lake la mabati kando ya barabara pale Keko. Ugonjwa huu wa kukusanya noti aliupata Mwenge, kwa mzee mmoja aliyeuza vitu vya kale kwa watalii, ambaye alimzawadia noti mbili baada ya kutengenezewa meza. Tangu hapo Baba akawa mtu mwingine. Jumapili tukitoka kanisani alizitandaza juu ya meza ya chakula, akalamba kidole, akafunua, akalamba tena kidole kilekile, kisha chakula kikija akakitia kidole hicho kwenye mchuzi wetu wote. Mama aligeuza uso. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilijifunza kula huku nikitazama ukuta.

Noti hizo zilikuwa na picha ya mfalme mwenye masharubu marefu, na simba aliyeshika upanga huku jua likichomoza mgongoni mwake. Kilichomtia Baba wazimu ni jina la mji. Kila noti ilikuwa imepigwa chapa ya mji mmoja, na enzi zake ililipwa katika mji huo tu. Ukiipeleka kwingine, unarudi nayo. Kwa hiyo mkusanyaji hatulii mpaka apate miji yote aliyojiwekea. Baba alishapata Tehran, Tabriz na Shiraz. Alikosa Bushehr, mji wa bandari, na aliutaja mara nyingi kuliko alivyotaja kijiji alichozaliwa. Wageni wakija, kabla hawajapewa hata maji, walishikishwa makaratasi yale na kuelezwa habari za Bushehr. Nilitamani ardhi inimeze.

Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nashinda bandani nikifagia maranda ya mbao. Ndipo Bi Zuhura wa Chang'ombe, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alipoleta kabati la babu yake lililoliwa na mchwa mgongoni. Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao: ukifungua fenicha ya mtu ukakuta kitu, iwe pete, barua au tasbihi, unakitia kwenye kopo la maziwa lililoning'inizwa mlangoni, na mwenyewe anakabidhiwa kopo kabla hajakabidhiwa kabati. Baba ndiye aliyewafundisha vijana wake desturi hiyo, tena kwa ukali. Alipobandua ubao wa nyuma, ikadondoka bahasha ya kitambaa. Ndani mlikuwa na noti moja. Aliisoma ile chapa, Bushehr, kisha akaangalia huku na huku. Vijana walikuwa wamekwenda kula. Akaisukumia ndani ya shati, kwenye ngozi yenye jasho, akanitazama mimi niliyeshika ufagio.

"We hujaona kitu," akasema.

Bi Zuhura alikuja Ijumaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akachungulia ndani ya kopo, halafu akachungulia tena.

"Fundi, hamjakuta karatasi humu? Babu aliniambia aliniwekea pesa ya kwao, Bushehr. Ukweni kwangu wananicheka, wananiita Mwajemi wa Temeke. Wanasema babu alikuwa anapiga fiksi tu. Mie nataka niwaonyeshe basi, wanyamaze."

"Hakuna kitu, mama. Mchwa hawa wanakula kila kitu," Baba akajibu, uso mkavu. Yule mama akanigeukia mimi. "Eti mwanangu? Hukuona hata kipande?" Nikasema sikuona. Akanishukuru.

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Baba, kwa kuithamini mno noti yake, aliifanyia kile tunachofanyia vyeti vya kuzaliwa: aliipeleka steshenari ikapigwa laminesheni. Akaipeleka Mwenge inameta, anatabasamu. Yule mzee akaigeuza mara moja akairudisha. "Umeiua, fundi. Hii sasa hakuna mkusanyaji atakayeigusa." Baba alirudi nyumbani akawasha pasi ili aibandue ile plastiki. Nyumba ikajaa moshi mchungu. Mfalme akabaki nusu kwenye plastiki, nusu kwenye pasi, na chapa ya mji ikawa uji mweusi. Baba akalia machozi kabisa, na nilipomwangalia sikumwonea huruma hata chembe. Nilimwonea kinyaa.

Leo Keko fenicha nyingi ni za mbao zilizosagwa na kugandishwa kwa gundi, hazina hata mahali pa kuficha sindano. Watu wa rika langu wakizipita husikitika, wanasema mafundi wa zamani walikuwa waaminifu bwana, siku hizi wizi mtupu. Baba ni mzee sasa, bado anashikisha wageni makaratasi yake, na wageni bado wanamsifu.

Mwaka huu nilikwenda Chang'ombe. Bi Zuhura alishafariki. Binti yake, mwalimu wa sekondari, alinipokea vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniletea soda. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kuzungumzia noti ya Bushehr. Akacheka kidogo. "Ah, ile hadithi! Mama aliiamini mpaka kabati lilipofunguliwa, pakawa patupu. Baada ya hapo akasema kweli babu yake alikuwa mwongo. Hata kaburi lake aliacha kwenda kulisafisha. Nasi tukaacha kusema tunatoka huko, maana ni aibu."

Nikamweleza yote: bahasha, shati, kopo, pasi, na mdomo wangu mwenyewe. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye bomba la uani, nikamwona akinawa kwa sabuni ile mikono miwili aliyonishika nayo.