Magauni Matatu kwa Siku Moja ya Baharini

Ujumbe wa kaka yangu uliingia kwenye simu mwezi wa sita, tukiwa uani tunapukuchua mahindi. Aliandika kwamba likizo hii angependa mama, mimi na wanangu wawili tushuke Dar es Salaam, tushinde siku nzima baharini. Watoto wangeoga, na mama angeyaona maji ya chumvi kabla macho hayajamchoka kabisa. Nilimsomea mama kwa sauti nikijua atakataa. Huyu ni mtu aliyekataa kwenda Morogoro kupimwa macho kwa sababu kuku wangebaki peke yao. Akaendelea kupukuchua, wala hakuinua kichwa, akasema nimjibu kwamba tutakuja.

Hapo hapo nikajua kuna jambo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Ni fundi cherehani, nina meza yangu karibu na soko hapa Kilosa, na kazi hii imenionyesha kwamba watu hudanganya hata kiuno chao. Mteja anakwambia uache nafasi kidogo ubavuni, anasema anapenda nguo ipwaye, kumbe ana mimba ambayo nyumbani hawajaambiwa. Maneno nayasikiliza kwa adabu, lakini ninachokiamini ni futi yangu ya kupimia.

Na kaka nilikuwa na sababu ya kumshuku. Mara mbili alishatamka kwamba mama hafai tena kukaa huku, kwamba mto ukijaa maji yanafika kizingitini, kwamba presha yake inataka hospitali ya karibu. Mara zote mbili nilimjibu kwamba mama ana mtu wa kumtunza. Mtu huyo ni mimi. Nilirudi nyumbani na wanangu ndoa yangu ilipokwisha, na tangu hapo mama halimi, hapandi bodaboda, haendi mnadani, na chumvi namtilia mwenyewe. Sasa nikaona mtego mzima umetandazwa mbele yangu. Mama angepelekwa baharini, jioni angeambiwa apumzike siku mbili, siku mbili zingekuwa mwezi, na nyumba isiyo na mwenyewe ingetafutiwa mnunuzi. Niliogopa kumpoteza mama, na niliogopa kupoteza paa lililofunika wanangu. Ipi ilikuwa hofu kubwa zaidi, sijui hadi leo.

Basi nikaanza kukusanya ushahidi. Kwanza, usafiri. Treni ya kisasa inasimama hapa hapa Kilosa, unapanda asubuhi na mchana uko Dar. Kaka akasema hapana, atakuja mwenyewe na gari, na tupite njia ya Mikumi ili watoto waone wanyama wakiwa barabarani. Nikajiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayezunguka hadi Mikumi kuonyesha nyani watoto ambao nyani wamewamalizia mahindi shambani. Treni haibebi kitanda wala kinu. Gari inabeba.

Pili, akamwagiza mama asisahau daftari la kliniki. Nani anapimwa presha ufukweni?

Tatu ndiyo iliyoninyima raha. Mama alikuja mezani kwangu na kitambaa, akataka nimshonee gauni la kuingilia majini, refu, la mikono, asije akaonwa magoti na watu wa pwani. Nikampima huku namtania kwamba samaki watamkimbia. Nilipomaliza akatoa vitambaa vingine viwili, akasema navyo nimshonee, vya kanisani. Nikamwuliza kama huko baharini kuna ibada. Akasema mtu hajui. Mama yangu hukaa miaka mitatu na gauni moja la kanisani, tena ananisuta nikimwambia limepauka. Nilishona yote matatu na kila mshono niliupiga kwa hasira.

Tuliendelea kupanga kama familia yoyote. Tulikubaliana kuku akaangwe usiku wa kuamkia safari, maandazi yawe ya nazi, na mkeka uchukuliwe ule mkubwa. Nilisema ndiyo kwa kila kitu na macho yangu yakabaki kwa mama.

Wiki moja kabla ya safari, mjomba akatokea. Ni kaka wa mama, anaishi juu huko Berega, na hashuki bila jambo zito. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanywa chai, kisha yeye na mama wakatoka nyuma ya nyumba. Niliwachungulia kwenye dirisha la jikoni. Walikuwa wanautembelea mpaka wa kiwanja, kutoka mwembeni hadi kwenye mtaro, kutoka kwenye mtaro hadi kwenye ua wa minyaa wa jirani. Mama alinyoosha kidole, mjomba akatikisa kichwa kukubali. Nilipowafuata na kisingizio cha kuanua nguo, wakaacha Kikaguru chao cha chini chini na kuanza kuzungumzia bei ya mahindi.

Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi hushuka kwa wanawake, ila anayeisemea mbele za watu ni mjomba. Kwa hiyo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Kaka alikuwa ameshamshika mjomba. Mtu haonyeshwi mipaka bure.

Nilichofanya baada ya hapo ninakisema kwa aibu. Mama alipokuwa kanisani nilifungua sanduku lake, nikatoa karatasi ya kiwanja, ile yenye mihuri ya serikali ya kijiji, nikafumua kitambaa cha ndani cha mkoba wangu, nikaiweka humo na kushona upya. Nilishona kwa mkono ili cherehani isisikike kwa majirani. Siku mbili baadaye nikamsikia mama chumbani akihamisha vitu, anafungua sanduku, anafunga, anafungua tena. Nilipomwuliza anatafuta nini alisema miwani. Miwani ilikuwa usoni kwake. Nilirudi nje, na nikiri kwamba nilijiona mshindi.

Kaka alikuja na gari alivyoahidi. Mama alitoka na begi kubwa kuliko la sisi watatu pamoja. Nikapanda nyuma na mkoba wangu mapajani, na tukapita kijiji cha Ulaya nikiwa nimeukumbatia. Tulifika Mikumi mjini asubuhi bado, tukasimama kwenye hoteli ya barabarani tupate chai na chapati kabla ya kuingia hifadhini. Watoto walimaliza upesi, wakaenda kuyatazama malori. Mama akasukuma kikombe chake pembeni.

"Mwanangu, nilitaka mjomba wako aseme, lakini alipokuona uso siku ile akaogopa," alisema. "Mimi sirudi Kilosa."

Nikamgeukia kaka. Nikamwambia kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, kwamba anamteka mama mchana kweupe, kwamba yeye na mjomba wameshagawana kiwanja. Nilisema mengi, hadi mwenye hoteli akaacha kusukuma chapati.  Kaka alikuwa anamtazama mama.

"Mimi ndiye niliyemwomba anichukue," mama alisema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungekataa. Unanikatalia kila kitu. Nimechoka kulindwa, mwanangu. Nataka niende kanisani kwa miguu yangu bila mtu kunifuata nyuma."

Kisha akanieleza yale ambayo mtoto mdogo wa kwetu angeyatambua, na mimi nilikuwa nimeyasoma kinyume. Kwetu mama akitaka kumwachia binti ardhi hamwiti binti. Anamwita kaka yake, anamtembeza mipaka yote, ili siku akiondoka pasitokee wa kubisha. Mjomba alishuka kutoka Berega kushuhudia kwamba nyumba na kiwanja ni vyangu na baada yangu ni vya binti yangu. Kilichokuwa kimebaki ni mama kunipa karatasi kwa mkono wake mwenyewe, hapa njiani, kaka yangu akiona.

"Ila nimeipoteza," akasema, na sauti ikamkatika. "Nimetafuta kila mahali. Labda ni uzee, akili imeanza kunitoka."

Nilitamani sana kunyamaza. Ningeweza kuirudisha sandukuni na kusema nimeiokota uvunguni, na mama angeamini mpaka mwisho kwamba ni uzee. Nikamwomba mwenye hoteli kisu. Nikafumua kitambaa cha ndani cha mkoba mbele yao, uzi mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa nilikuwa nimeushona vizuri. Mama aliitazama karatasi, akautazama mshono, akanitazama mimi. Hakunigombeza. Aliikunjua, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, kisha akanikabidhi kama alivyokusudia, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili huku nalia.

Tuliona twiga, tuliona tembo, watoto walipiga kelele. Sikumbuki vizuri.

Siku ya bahari ilikuwa ya pili yake. Upepo ulikuwa wa baridi kidogo na ufukwe haukuwa na watu wengi. Tulitandika mkeka, watoto wakatuacha na mikoba na kukimbilia majini. Mama alivua ndala zake akaziweka sawasawa kando, akatembea hadi pale povu linapoishia, akasimama. Kisha akageuka kunitafuta mimi.

"Niingie?" aliuliza.

Mwanamke huyu alimzika mume wake na kulima peke yake hadi sote tukasoma, na sasa alikuwa ananiomba ruhusa ya kulowesha miguu. Maneno yote yalinijia, kwamba maji ni ya baridi, kwamba aangalie mawimbi, kwamba asubiri nimshike mkono. Kaka alikuwa ananitazama pembeni.

"Usiniulize, mama," nikasema.

Hakuingia mara moja. Alibaki amenikazia macho kwa muda, ananichunguza uso kama mtu anayehisi kuna kitu kimefichwa, na alipokosa cha kukiona, akaingia.