Kodi ya Choo Asichokiingia

Alfayo Onchiri alikuwa na mdomo. Watu wa Birongo hawakusema ana mali, wala hawakusema ana akili, ingawa akili alikuwa nayo. Walisema ana mdomo, na wakishasema hivyo walikuwa wamemaliza. Mdomo huo ndio uliomtoa kwenye kwaya ya Waadventista. Mzee wa kanisa, Obadiah, alikuwa na sala ndefu, na Sabato moja aliomba hadi mtoto mmoja akasinzia na kuanguka kutoka kwenye benchi. Alfayo akasema "Amina" kwa sauti katikati ya sala, halafu akairudia, ili kumsaidia mzee afike. Kanisa lilicheka. Obadiah hakucheka, wala hakusahau.

Kwa upande wa shamba hakuwa mtu wa kutajwa. Alikuwa na migomba, kipande cha pareto upande wa juu, nyumba ya nyasi aliyokaa na mkewe Bochaberi, na nyingine ya nyasi alimokaa mwanawe Abner na mkewe Bosibori. Alikuwa pia na mtamba mmoja mwekundu, na huyo hakuwa wake hasa. Alikuwa ameahidiwa Angwenyi wa Keumbu, baba yake Bosibori. Mahari ilibaki ng'ombe mmoja tu, na Angwenyi, mtu mpole ambaye upole wake una meno, alikuwa ametamka wazi kwamba mtamba asipofika kabla ya mwaka kwisha, atakuja kumchukua binti yake na mtoto, wakae Keumbu mpaka watu wa Birongo watakapopata kumbukumbu. Hayo si maneno ya kutishia watoto. Wanawake wamerudishwa kwao kwa upungufu wa mbuzi.

Miaka ile, uhuru ukiwa bado na harufu ya rangi mpya, kila mwanamume alilipa kodi kwa daraja lake. Daraja lilipangwa na kamati ya wazee waliopita boma kwa boma wakitazama. Hawakukuuliza unapata nini kwa mwaka, maana walijua utasema hupati kitu. Walitazama paa, wakatazama zizi, wakiona baiskeli wakaandika. Kwa hiyo watu walijifunza kuwa maskini siku moja kwa mwaka. Kamati ikionekana ng'ambo ya bonde, baiskeli zililala migombani na ng'ombe wakaenda kuwasalimu wakwe. Alfayo hakuhitaji kuficha kitu. Alikuwa daraja la chini kabisa, lile alilolipenda kwa moyo wote, na alisema daraja hilo lina faida moja kubwa, kwamba ukianguka huumii.

Ndipo mwaka wa sitini na saba akaja bwana afya. Jina lake Obiero, mtu wa upande wa ziwani aliyefanya kazi Kisii mjini, na alipanda mlima kwa pikipiki, mkoba wa fomu mgongoni. Homa ya matumbo ilikuwa imepita vijijini, na serikali ilitaka watu waache vyoo vya magogo na nyasi.

"Mzee Onchiri, serikali inakupa simiti, inakupa mabati, inaleta fundi," alisema Obiero kwa Kiswahili, kwa kuwa Ekegusii hakukijua. "Wewe kazi yako ni kuchimba shimo tu."

"Na serikali itakuja lini kukaa?"

"Kukaa wapi?"

"Kwa choo. Mtu hawezi kujenga kitu mzuri hivyo halafu asirudi kuitumia."

Obiero alikuwa ameshasikia mabaya kuliko hayo. Akaandika jina, akasema, "Boma moja, choo moja. Fomu ndivyo inasema."

Hapo fomu ilikosea. Wagusii wana chinsoni, haya iliyo kati ya mtu na wakwe zake, na haya hiyo haina mzaha. Baba mkwe haingii alikolala mkaza mwana, hagusi kitanda chake, na hawezi kukanyaga choo anachokanyaga yeye. Hata kukitaja mbele yake ni kosa. Boma la Alfayo lilikuwa na choo kimoja, magogo mawili juu ya shimo nyuma ya migomba, na kwa kuwa Alfayo alikitumia, Bosibori tangu aolewe alikuwa akiteremka hadi bondeni, kwa jirani. Mvua za masika mwaka ule zilimkuta na mimba ya miezi saba. Asubuhi moja aliteleza, akabiringika hadi kwenye nduma, akaletwa mabegani mwa wanaume wanne. Mimba ilishika. Lakini Alfayo aliwaona wakipita naye uani, na kwa siku mbili hakusema neno hata Bochaberi akamchemshia dawa.

Kwa hiyo saruji ilipokauka na fundi akaenda zake, na choo kikasimama pale kikimeta kama sarafu, Alfayo alimwita mkewe.

"Mwambie yule mtu hiyo nyumba ni yake. Yeye na wewe na watoto. Mimi niko na magogo yangu."

"Yule mtu" alikuwa Bosibori. Basi likawa ni boma ambamo watu walilala chini ya nyasi zinazovuja na choo kikalala chini ya mabati. Alfayo aliendelea kwenda nyuma ya migomba, kofia kichwani mvua ikinyesha, na akilipita lile jengo la serikali aligeuza uso upande wa pili.

Mwezi wa tisa kamati ya kodi ilipita, mwenyekiti akiwa ni Obadiah yule yule wa sala. Waliliona bati likimeta kabla hawajafika getini. Karani wa kanjo, ile halmashauri ya kodi, aliyeletwa kutoka mbali ili asiwe na ndugu wa kumpendelea, alipima kwa hatua, akagonga sakafu kwa kisigino, akaandika: jengo la kudumu, sakafu ya saruji, paa la bati. Baada ya wiki mbili barua ikafika. Alfayo Onchiri alikuwa amepanda hadi daraja la tatu, akae na walimu na wenye maduka.

Abner aliisoma mara mbili. Katika boma lile hapakuwa na kitu cha kutosha kulipa kodi hiyo isipokuwa mtamba.

"Tukiuza, Angwenyi atakuja," alisema Abner.

"Tusipouza, askari watakuja," alisema Bochaberi.

"Basi wapatane wenyewe nani aje kwanza," alisema Alfayo, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Barua ilisema asiyeridhika aende kambini kwa chifu siku ya Jumanne, pamoja na wote wanaomtegemea, wahesabiwe. Usiku wa Jumatatu Bochaberi alimwambia dawa ni ndogo tu, aseme ukweli kwamba choo si chake.

"Nitasema vipi na yule mtu amekaa hapo?"

"Wewe kuna jambo gani maishani hujawahi kulisema?"

"Hilo," alijibu Alfayo.

Jumanne uwanja wa kambi ulijaa. Watu walikuwa wamesikia Alfayo atazungumza, na wengine walikuja tu kwa ajili hiyo, wamebeba ndizi za kuchoma. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, na Bosibori alikuwa mstari wa mbele, kitambaa cha manjano kichwani, mtoto amelala mgongoni. Shauri lilisikilizwa kwa Kiswahili kwa sababu ya karani, naye karani aliandika lile lililotamkwa tu.

Alfayo alianza vizuri. "Bwana mwenyekiti, wahenga walisema mpewa hapokonyeki. Mimi simiti sikununua. Serikali ilikuja yenyewe na pikipiki, ikanibembeleza. Sasa mkono wa kulia umenipa, mkono wa kushoto unanidai. Hizi mikono mbili haziko kwa mtu mmoja?"

Watu walicheka. Karani hakucheka. "Mzee, kodi haiulizi ulipewa na nani. Inauliza uko na nini."

"Basi nimepewa deni, sikupewa choo. Mkiniita kwa arusi, nikishakula mtanidai ya kuni?"

Wakamwita bwana afya aeleze kama msaada wake unatozwa kodi. Obiero aliipekua fomu mbele na nyuma. "Fomu yangu ni ya afya," alisema. "Mambo ya kodi si idara yangu." Akaketi haraka.

Obadiah aliegemea mbele. Alikuwa amelingoja jambo hili miaka mitano na hakutaka kuliharakisha. "Alfayo, wewe leo unakaa juu ya simiti, sisi wengine tunakaa juu ya magogo. Anayekaa pazuri alipe. Ama choo hiyo si yako?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kila Mgusii pale uwanjani alishaelewa, Obadiah wa kwanza, lakini hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumsemea, na Obadiah aliyejua zaidi ndiye aliyenyamaza zaidi. Alfayo alifungua mdomo. Akatazama upande wa wanawake, akakiona kile kitambaa cha manjano, akaufunga. Watu walidhani anatafuta mzaha mkubwa, wakangoja wakitabasamu. Mzaha haukuja. Alimwona mtamba akivutwa kwa kamba kwenda mnadani, akamwona Angwenyi amesimama uani na mzigo wa binti yake, na bado ulimi ulikataa. Alijiona mjinga, mtu wa maneno elfu aliyekwama kwa neno moja. Karani alichovya kalamu.

Ndipo Bosibori aliposimama. Hakumtazama mtu. Alikaza kanga ya mtoto, akamgusa Bochaberi begani.

"Mama, twende. Mtoto analia."

Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Bochaberi alimtazama mtoto, akamtazama Bosibori, akainuka. Mwanamke wa pili akainuka, kisha wa tatu, na mstari wote ukafuata bila kuulizana, wakateremka njia ya sokoni. Karani akauliza wanakwenda wapi na bado hawajahesabiwa. Alfayo alisimama akikifuata kile kitambaa kwa macho mpaka kikapita kona na kutoweka. Halafu akahesabu pumzi tatu zaidi, kwa heshima.

"Andika," alimwambia karani. "Choo hiyo sijaingia hata siku moja. Ni ya mke wa mtoto wangu. Mimi niko na magogo mbili na migomba kumi. Mvua ikinyesha, inaninyeshea. Nyoka akipita, tunasalimiana, kila mtu anaenda na shughuli yake. Kama kuna kodi ya magogo, nitalipa leo. Na kama bwana mwenyekiti hasadiki, aje kesho saa kumi na mbili asubuhi aone na macho yake. Alete kamati yote. Nitawawekea viti, wao wakae mbele."

Uwanja ulilipuka. Hata Obadiah alijifunika uso kwa kofia, na mabega yake yalitikisika, na kama hicho hakikuwa kicheko basi alikuwa anaomba sala fupi kwa mara ya kwanza.

Karani alingoja kelele zipungue. "Nitajuaje ni kweli? Mtu gani anapewa choo ya simiti na anaenda kwa migomba?"

Mwishowe mzee mmoja, Omwenga, aliyepata msaada ule ule na kupandishwa daraja vile vile, akakohoa. "Mimi," alisema. "Hata mimi niko na wake za vijana." Mwingine akasema hata yeye. Wakafika saba, wote wenye vyoo vinavyometa na wote watu wa migombani. Bwana Obiero alikuwa ameishika fomu yake magotini, iliyosema vyoo arobaini na wanaume wote arobaini wanavitumia. "Hata kwetu hii heshima ya wakwe iko," alisema polepole. Akaikunja.

Karani akafuta. Pembeni aliandika: choo si cha mlipaji. Alfayo akarudi daraja lake la chini, na wengine saba nyuma yake.

Jioni alimkuta Bosibori jikoni kwa Bochaberi akisaga wimbi. Alisimama nje, mbali kidogo, kama inavyopasa. Alitaka kumshukuru na hapakuwa na njia, kwa maana kumshukuru ni kulitaja lile lile ambalo yeye aliondoka ili lisitajwe mbele yake. Siku ile alimpenda yule msichana sawa na watoto aliowazaa mwenyewe, na hakuwa na mahali pa kuuweka upendo huo. Akauliza tu kama unga unatosha. Bosibori akasema unatosha, Baba.

Mwezi wa kumi na mbili Alfayo na Abner walimpeleka mtamba Keumbu. Abner alishika kamba ya mtamba, na Alfayo akavuta mbuzi jike aliyemnunua kwa malipo yote ya pareto. Angwenyi alimkagua mtamba meno na kwato, akaridhika. Kisha akamtazama mbuzi.

"Huyu hakuwa katika mapatano."

"Najua," alisema Alfayo.

Angwenyi alingoja, kwa kuwa sifa za mdomo ule zilifika hadi Keumbu. Alfayo alikuwa anatazama kamba mikononi mwake.

"Kuna kitu binti yangu amefanya?"

"Amefanya."

"Amefanya nini?"

"Siwezi kusema."

Angwenyi naye alikuwa na wakaza wana watatu. Akaipokea kamba, akamfunga mbuzi kwenye mti wa ua, akawaita ndani wakanywe uji.