Siku Niliyofungua Kitabu cha Twiga

Wenzangu wa barazani wananitania na jambo hili kila tukikaa kunywa kahawa, na kila mmoja analisimulia kwa namna yake na kulitia chumvi yake, kwa hiyo nimeona bora nilisimulie mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu. Ni kweli. Mimi Yusufali, muuza madaftari na kalamu wa Mikindani, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikaa juu ya jamvi mbele ya kijiji kizima, ubani unafuka, nikapiga ramli bila kujua kama napiga ramli.

Chanzo ni mdomo wangu. Mke wangu Sakina husema mdomo huu ungekuwa duka tungekuwa matajiri zamani, na siku ile hakuwapo wa kunikanyaga mguu.

Tulikuwa tumechanga, wafanyabiashara wachache wa Mikindani na wa Mtwara mjini, tununue vitabu vya hadithi kwa watoto wa shule moja ya msingi huko mbele ya Nanyamba (kijiji sikitaji, bado nawaonea haya). Wazazi wa watoto wale ni wakulima wa mihogo na korosho na ni wateja wangu, korosho ikiuzika mtoto ananunuliwa daftari, isipouzika anaandika pembezoni mwa daftari la mwaka jana. Nilishikilia kwamba vitabu viwe vipya, na hapo niliwachosha wenzangu kwa maneno, kwa sababu vitabu wanavyopelekewa watoto wale siku zote ni vile vilivyochoka mjini, jalada hakuna, karatasi za mwisho hakuna, mtoto anasoma mpaka fisi anakaribia kumshika sungura, basi, hapo pamechanwa, na mpaka leo hajui kama sungura alipona. Nikasema safari hii mtoto atashika kitabu chenye harufu ya dukani, na yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukifungua.

Siku ya Ijumaa nikaenda mbele kupanga mambo na mwalimu mkuu, Mwalimu Nangonga, mtu mtaratibu sana, vitabu tuvigawe kesho yake. Akaniambia, "Nitawaambia watoto wakitoka, wao watawaambia wazazi." Ilikuwa inatosha kabisa. Lakini mimi nikamjibu, "Aa, Mwalimu, niachie mimi. Nikishaswali Ijumaa nitatangaza msikitini, watu wazima wasikie kwa masikio yao." Mkasa wote umetoka katika neno hilo, niachie mimi.

Sasa nitazameni nilivyokuwa. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, ndevu nimezitia hina wiki ileile, na natoka Mikindani, mji ambao huko mashambani wanaamini kila kona ina mwanachuoni wake. Imamu akanipa kipaza sauti. Nilichotakiwa kusema ni kwamba kesho tunagawa vitabu vya hadithi kwa watoto, bure, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelisema akaeleweka. Lakini mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu kazaliwa hapa, na bado wapo watu wanaonisifu mbele ya uso wangu kwamba Mhindi huyu Kiswahili anakijua, basi nikishika kipaza sauti hukijua zaidi. Nikasema:

"Ndugu zangu Waislamu, kesho asubuhi, inshallah, nitafungua kitabu pale shuleni. Kila mwenye mtoto aje naye. Vitabu nilivyonavyo ni vipya, havijapata kufunguliwa na mtu yeyote, na sichukui hata senti. Kila mtu ataondoka na chake."

Imamu akanitazama kwa jicho la pembeni, nikadhani ananionea wivu kwa lugha. Mlangoni mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza polepole, "Hata mwenye kitu kilichopotea aje?" Nikajua anasema kitabu cha shule alichopoteza mjukuu wake, nikamwambia, "Hata huyo, mzee wangu, na aje."

Na nyinyi mnajua, na mimi nilijua vilevile ila siku hiyo akili niliiacha dukani, kwamba huku kwetu mtu wa kanzu akisema atafungua kitabu hasemi habari za sungura. Kufungua kitabu ni kuangalizia: nani kaiba, nani karoga, aliyepotea yuko wapi. Na kitabu ambacho hakijapata kufunguliwa na mtu ndicho chenye nguvu zaidi.

Jumamosi nikafika na pikapu, maboksi nyuma, nikakuta uwanja wa shule umejaa watu wazima, wengi wao wamevaa vizuri, na wengine hata mtoto hawana (bibi mmoja alikuwa kaazima wa jirani). Moyo ukanijaa furaha, nikasema watu hawa jamani wanaipenda elimu. Kwenye baraza ya ofisi wamenitandikia jamvi, pembeni pana chetezo kinafuka ubani na bakuli la maji, nikasema na heshima wanaijua. Nikakaa. Mwalimu Nangonga akawa ndani ya ofisi anapokea maboksi kwa dirisha, hayaoni ya barazani.

Akaja mzee mmoja, Mzee Mnalimi, na jogoo mweupe kamfunga miguu. "Nashukuru, shehe," akasema. "Ile mashine yangu ya kupulizia salfa mikorosho, niliyoibiwa tangu msimu uliopita, leo alfajiri nimeikuta mlangoni." Mimi nikaona mzee ana furaha zake na ananishukuru kwa vitabu, nikampokea jogoo nikamwambia alhamdulillahi, Mungu azirudishe na za wengine. Watu wakaitikia amina kwa sauti moja.

Kisha akaja mama mmoja kamshika mkono binti yake wa darasa la tatu. Mtoto anaitwa Somoe, kwa hiyo na mama nikamjua kwa jina hilo, Mama Somoe. Akapiga magoti ukingoni mwa jamvi.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba, binti yangu. Haya, unataka kipi?"

"Chenye kuona mbali."

Nikaona huyu mama ana utani, na mimi utani sikimbii, nikapekua boksi moja lililobaki kando yangu nikatoa cha twiga, maana nani anaona mbali kuliko twiga. Mtoto akanyoosha mkono, mama akaurudisha upesi. "Tufungulie wewe," akasema. Nikafungua.

"Yuko wapi?"

Nikatazama picha. "Yuko porini."

"La huku au la ng'ambo?"

Nikatazama tena, miti siijui. "La mbali hilo. Si la huku kwetu."

"Mzima?"

"Mzima wa afya," nikamwambia, na hapa nilikuwa nacheka kabisa, "anakula majani."

Mama yule akajifunika uso kwa mikono miwili akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha msiba, kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Nyuma yake uwanja mzima ukanong'ona Allahu akbar. Nikasikia mtu anauliza, "Anakula majani?" na bibi mmoja anamjibu, "Njaa hiyo, nwacheni, madhali yu hai."

Nikaanza kuhisi jambo. Mwalimu Nangonga alikuwa ameshatoka na kusimama mlangoni, akaniinamia sikioni. "Bwana Yusufali, mume wa huyu alivuka Ruvuma kutafuta kazi, mwaka wa pili huu hana habari yake. Jana uliwaambia nini watu hawa?"

Nilipata baridi juani. Yote yakanirudia kwa mpigo, kipaza sauti, jicho la imamu, ubani, jogoo. Na nisiwafiche, wazo la kunyamaza lilinijia, nifunge kitabu, niseme kwa leo kimechoka, nipande pikapu yangu. Lakini Mama Somoe alikuwa ameshafuta machozi na amenikazia macho, akaniuliza jingine: "Basi nimngoje, shehe, au nichukue mtoto tumfuate?"

Nikasimama. (Nilisimama vibaya, nikakanyaga kanzu yangu mwenyewe, bakuli likapinduka, maji yote kifuani, na jogoo akapiga kelele.) Nikasema, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba jamani nisameheni, mimi sijui kitu, si shehe, si maalimu, nauza madaftari Mikindani, na hivi ni vitabu vya hadithi vya watoto, nilitaka tu kusema maneno mazuri. Nikamgeukia mama yule. "Binti yangu, usiende popote kwa neno langu. Mimi mume wako sikumwona. Nilimwona twiga."

Kisha kutoka nyuma ya umati sauti ya mwanamume, yenye uchungu wa kweli: "Kumbe hajui kitu? Na mimi nimejisumbua kuibeba mpaka mlangoni."

Watu wote wakageuka kumtazama. Naye akajisikia alichosema, akatazama chini, akaingia kwenye shamba la mihogo nyuma ya vyoo na hakuonekana tena siku hiyo.

Hapo nilidhani nimeokoka, kumbe ndiyo nimeharibu zaidi, maana Mzee Mnalimi aliinua fimbo akasema, "Mnaona? Mwenyewe anakataa, lakini kitabu kimemtoa mwizi hadharani." Na kina mama wakaanza kuwavuta watoto wao nyuma, mmoja mmoja, bila ugomvi. Nani ataingiza ndani kwake kitabu kinachotoa watu? Kila nyumba ina lake la kufichwa. Nikapiga kelele kwamba ni vya sungura tu, na yule bibi akanijibu, "Nchungura ndiye njanja wao." Nikawatazama watoto. Maboksi yameshatolewa barazani na kufunguliwa, rangi za majalada zinaonekana mpaka uwanjani, na wao wamesimama mikono nyuma kama walivyoamriwa. Vitabu vipya nilivyovipigania, hakuna mkono hata mmoja unaovigusa, na aliyeviharibu ni mimi, si mvua wala mchwa. Niliumia, nasema kweli.

Mama Somoe hakuwa ameondoka ukingoni mwa jamvi.

"Kwa hiyo hukumwona," akasema.

"Sikumwona."

"Kinasema habari za twiga tu?"

"Za twiga tu, mwanzo mpaka mwisho."

Kisha akakichukua mkononi mwangu, yeye wa kwanza kukigusa, akampa mtoto. "Somoe, soma. Kwa sauti, hawa wasikie."

Mtoto akaweka kidole juu ya neno. "Twiga ana shi-ngo ndefu. Twiga yuko porini. Twiga ana-kula majani." Akafungua karatasi ya pili, "Twiga anakunywa maji," akaendelea hivyo, na hakupotea mtu wala hakuibiwa mtu, ni twiga na mambo yake. Alipofika twiga anapolala, bibi yule akakaa chini kabisa kwa kicheko, "Mama wee, tumenfukizia ubani nnyama," na uwanja wote ukamfuata, nikachekwa kwa uzito wote niliostahili, ndevu zangu na maji yangu kifuani. Katika kicheko hicho watoto walipenya mmoja, wawili, halafu wote, na mama zao wakawaachia. Mwalimu Nangonga alihangaika kuwapanga mstari. Vitabu vilikwisha. Jogoo wake Mzee Mnalimi alikataa kurudishiwa, anasema mashine imerudi, na mimi nitabishana naye vipi.

Hapo ndipo wenzangu wa barazani hukomea, hapo pa kumfukizia mnyama ubani, na mimi hucheka nao. Lakini wakati watu wanaondoka, Mama Somoe alipita karibu na pikapu kuniaga. Yeye hakuwa amecheka. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza kwa upole, hana hasira hata kidogo, kama mtu anayekupa habari za nyumbani kwake.

"Jana usiku nililala, shehe," akasema. "Kusikia kwamba leo nitajua. Tangu aondoke sijapata kulala vile."

Kisha akamshika mtoto wake mkono wakaenda zao, Somoe akisoma njiani na kujikwaa. Mimi nikabaki nimeshika mlango wa gari. Aibu ya kuchekwa ilikauka pamoja na kanzu kabla sijafika Naliendele, hii nyingine haijakauka.

Vitabu bado tunapeleka, na vipya vilevile, lakini kutangaza anatangaza mwalimu mkuu, mimi nimevaa suruali, nimekaa ndani ya gari, mdomo nimeufunga. Na mtu akinijia siku hizi na swali nisilokuwa na jibu lake namwambia sijui, tena mapema, kabla hajanitazama kwa matumaini. Nimeshaona neno la mtu asiyejua linavyoweza kumlaza mwenzake usingizi mzuri, na asubuhi yake ni wewe huyohuyo unayekwenda kumwamsha.