Vidonge Visivyo na Nembo

Tangu utotoni akili ya Arbia haikutulia. Bila vidonge vyake, karani huyu wa soko la mifugo Garissa angeandika ngamia wa huyu kwa jina la yule. Mwezi huu mfamasia alimpa vyeupe, visivyo na ile nembo ya kampuni.

“Abaayo, dada yangu, dawa ni ile ile. Iliyobadilika ni kampuni tu.”

Binti wa wafugaji hamwamini mnyama asiye na alama, akavifungia drooni. Siku ya tatu, adhuhuri, kengele ya mbao ya ngamia wa marehemu babake ikalia ndani ya ofisi. Akafungua droo. Akameza kimoja cheupe. Baada ya saa nzima akili ikatulia, kengele ikakoma.

Kerrow, karani mwenzake, akainua kichwa.

“Mbona kengele siisikii tena? Ngamia wenu ameenda wapi?”