Mama Mabawa na Samaki wa Sikukuu

Mlango wa chumba haujafunguka hata nusu, na tayari wazazi na watoto wamejipanga nje. Mwisho wa foleni amesimama fundi bomba, kashika mkono wa mwanawe mdogo. Mama Mabawa anatoa pini alizobana midomoni, anavuta kiti na kumwambia mtoto wa kwanza, "Haya, nisimulie."

Hiyo ndiyo sheria ya humu ndani. Sikukuu ikikaribia, shule huwa na siku ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza, na familia zilizoshika dini humiminika kwa mshonaji huyu. Lakini hampimi mtoto mabega mpaka asimulie, mbele ya mzazi wake, hadithi ya yule anayetaka kumwigiza. Akikwama katikati, anarudi nyumbani kuulizia.

"Mzazi huja na hapana yake mfukoni," anasema. "Akimsikia mwanawe anasimulia, hapana inalegea."

Hapana hizo anazijua kama anavyojua nyuzi zake. Kuna nyumba ambazo kumwigiza nabii ni mwiko. Nyingine hazitaki mtoto afichwe uso, nyingine hazitaki pembe wala mkia. Yeye habishani na dini ya mtu. Anabishana na kitambaa.

Jina lenyewe alilipata kwa aibu. Alikuwa mshona sare na foronya, kipato cha kubahatisha, alipoombwa mabawa ya malaika. Akayaunda kwa mbavu za mwavuli. Yakatoka mapana mno, malaika akakwama mlangoni pa nyumba ya ibada, ikabidi aingie kiubavu kama kaa. Watu walicheka, na waliocheka ndio waliorudi kuagiza. Sasa msimu huu humpa karibu nusu ya kipato cha mwaka mzima.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka jana, na aliuleta huyu huyu fundi bomba. Binti yake wa miaka saba hakuwahi kuruhusiwa kuvaa chochote. Siku ya mavazi ikifika alibaki dirishani akitazama wenzake wakipita. Safari ile aliletwa. Akasimulia habari ya nabii aliyekimbia, dhoruba ikavuma, akatupwa baharini, akamezwa na samaki.

Baba akawahi kusema kwamba kwao nabii haigizwi.

"Sitaki kuwa nabii, baba. Nataka kuwa samaki. Samaki ndiye aliyetii."

Fundi bomba akajikuna kidevu. Akakubali kwa sharti moja: uso aliopewa na Mungu usifunikwe.

Mama Mabawa akashona samaki wa kijivu, mdomo wazi, uso wa mtoto ukichungulia katikati ya meno. Kazi safi. Siku ya kujaribu, binti akajitazama kwenye kioo, machozi yakamtoka.

"Hivi nimemezwa," akasema. "Nimekuwa nabii."

Baba akamshika mkono waondoke. Mama Mabawa anakiri kwamba hajapata kuona haya namna ile. Aliruka majivu akakanyaga moto. Lakini hakumwachia njia.

"Fundi mwenzangu, bomba likivuja unahama nyumba? Keti."

Akaketi. Mama Mabawa akafumua pale pale, mshono kwa mshono. Mdomo akaufunga, akaupandisha juu ya paji kama kofia, uso ukabaki wazi chini yake. Tumbo akalijaza pamba ya mto wa zamani, likatuna.

Baba akamzunguka samaki. Sasa nabii yuko wapi, akauliza.

Binti akajipiga tumbo. "Yumo ndani, baba. Haonekani."

Mtu mzima akacheka mpaka akashika ukuta. Siku ya siku alimsindikiza mwanawe shuleni kwa miguu, kashika pezi, akisalimia hata wasiomjua. Mama Mabawa alitoka mlangoni kuwatazama wakipita.

"Mimi siringi," anasema, huku akiringa.

Mwaka ujao anataka kukodi chumba cha pili, aweke kioo kirefu ambamo hata malaika ataenea na mabawa yake. Kwa sasa foleni inasogea, na zamu ya fundi bomba inafika. Mtoto wa kiume anasimulia hadithi ile ile ya dada yake, ila yeye anataka kuwa dhoruba.

Mama Mabawa anachukua futi yake ya kupimia na kumgeukia baba.

"Si nabii, si mnyama, haina pembe wala mkia. Haya, fundi mwenzangu, leo utakataa nini?"