Chuma Kilichonitenga na Baba Mkwe

Kwetu Wanyakyusa wakati ule, mke hakumtazama baba mkwe wake, wala kumgusa. Basi nilikuwa na mimba ya kwanza, natakiwa kwenda kujifungulia kwa mama yangu, Tukuyu. Gari kuukuu la mume wangu ndilo lililokuwepo, na baba yake naye alikuwa na ndugu wa kumwona hukohuko. Mzee akakaa mbele, mimi nikajificha nyuma ya kiti chake, kanga usoni.

Hatukufika mbali na Mbeya. Kwenye kona kali gari liliinama upande mmoja, nikateleza, mkono wangu ukabakiza upana wa kidole kimoja tu kumgusa bega. Nikapiga yowe. Tukarudi nyumbani nikilia, maana niliamini nikimgusa, mtoto wangu atadhurika.

Mume wangu hakubishana. Chini ya gari, mbele, kulikuwa na chuma chembamba cha kulizuia lisilale kwenye kona. Akakitoa, akafunga kinene cha lori bovu, alichokwenda kukipinda kwa mhunzi. Raba za kukishikilia chuma hicho alizikata kwenye tairi kuukuu. Siku mbili nilimwona miguu tu.

Tukaondoka tena. Tulipoikaribia kona ile nilishika mlango, nikafumba macho. Gari likapita limenyooka kama mwanamke aliyejitwika mtungi.

Baba mkwe hakuruhusiwa kunisemesha, kwa hiyo akamwambia mwanawe, "Muulize mwenzio, leo mbona hapigi yowe? Amelala?"

Nikacheka kimyakimya ndani ya kanga, na mtoto naye akacheza tumboni.