Usipige, Mume Hajui

Yule mtaalamu wa saikolojia ya wateja akipita tena karibu na meza yangu nikiwa nimeshika bisibisi, sijui kitakachotokea. Nasema wazi. Mimi ni fundi wa cherehani, natengeneza mashine nyuma ya duka hili mwaka wa kumi na moja sasa, na hasira zangu zinajulikana. Lakini hii si hasira ya kawaida. 

Mbele, kwenye kaunta, yupo Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa. Ndivyo tunavyomwita wote, hata bosi, aliyemkuta dukani tangu enzi za baba yake. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea, mdomo hauna breki. Ukiingia kuuliza bei ukatoka bila kununua, hakufuati mlangoni na maneno matamu. Anafungua daftari lake, anaandika namba yako ya simu na sababu iliyokutoa dukani. Jina haandiki ng'o.

"Jina litaniambia nini?" husema. "Nataka kujua kilichomrudisha nyumbani mikono mitupu."

Basi daftari limejaa vituko. "Mtoto halali, anaogopa kelele." "Anajua kila kitu, mwache apoe." "Bwana mkubwa, anaona aibu kuonekana anashona." Halafu anangoja. Yule wa mtoto alimpigia baada ya mimi kuibadilisha mashine mkanda na kuitia mafuta mpaka sauti ikafifia. Akamwambia, njoo na mwanao, umlaze hapa hapa kaunta tujaribu. Mtoto akakoroma, mama akanunua. Yule bwana mkubwa alimpitisha mlango wa nyuma, kwangu. Leo anashonea mapazia nusu ya mtaa, tena anajitapa. Hiyo ndiyo saikolojia, kama mnaitaka saikolojia.

Na alikuwepo mama mmoja wa Alhamisi. Kila wiki siku hiyo alitoka ofisini alikofanya usafi, saa ya chakula cha mchana, akakaa kwenye mashine ya kujifunzia pale kwangu, nusu saa, akashona mistari kwenye mabaki ya vitambaa. Mumewe alikuwa akimpiga. Alituambia siku moja bila kuinua macho kwenye sindano. Mpango wake ulikuwa aijue kazi, achukue mashine, ahamie kwa dada yake na wanawe wawili. Shangazi alimwekea mashine pembeni, nzuri, akaifunika. Namba aliichukua ili amtambue tu siku mama akipiga mwenyewe, kwa sababu simu yake akiwa nyumbani hushikwa na mumewe. Akaandika: "Usipige, mume hajui. Anataka kuondoka."

Mwezi uliopita mauzo yalishuka, bosi akaingiwa na kiwewe, akamleta mtaalamu. Jamaa wa viatu vyenye ncha, kompyuta kwapani. Akatukusanya.

"Mteja aliyeondoka hajaondoka," akasema. "Amelala tu. Tunamwamsha kwa hofu. Mwambie imebaki moja. Mwambie mwenzake anaichukua. Binadamu anaogopa kukosa kuliko anavyopenda kupata."

"Binadamu yupi huyo?" Shangazi akamuuliza. "Wewe umewahi kuuza nini, ukiacha hayo maneno?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akalitaka daftari. Shangazi akalikumbatia, akasema labda wamzike kwanza. Lakini wiki iliyofuata mama yake mzazi akaanguka bafuni, Shangazi akaomba ruhusa ya siku nne kwenda kumuuguza. Daftari akaliacha kwenye droo, kwa sababu alituamini.

Sasa nitasema linaloniuma. Mwandiko wa Shangazi hausomeki. Hapa dukani anayeuweza ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Bosi akaniita: dakika ishirini tu, fundi, msaidie karani aingize kwenye kompyuta. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mashine tatu zimefunguliwa mezani, nilitaka yaishe. Nikasoma, karani akachapa. Nilipofika pale nikasoma kwa sauti kubwa: usipige, mume hajui. Kinywa kilitamka, masikio hayakusikia. Bure kabisa mimi!

Kompyuta ilitafuta jina la mteja, haikulipata, ikachukua kilichokuwepo. Jumanne saa moja asubuhi, watu zaidi ya mia mbili wakapokea ujumbe. Mtaalamu aliichagua saa hiyo mwenyewe, eti watu wakiwa bado nyumbani wanashtuka vizuri. "Habari Anajua Kila Kitu Mwache Apoe! Mashine yako imebaki moja tu. Mwenzako yuko njiani!" Tulipofungua duka simu zilikuwa zinalia zote. Mama mmoja alifika kwa miguu yake, akabwaga simu kaunta, akauliza ni nani hasa aliyemwita Ana Maringo Hana Haja.

Nilikaribia kucheka. Halafu nikakumbuka. Nikamwondoa karani kitini, nikaitafuta ile namba kwenye orodha. Ujumbe ulikuwa umekwenda. "Habari Usipige Mume Hajui Anataka Kuondoka! Usichelewe, utajuta!"

Alhamisi yule mama hakuja. Aliyekuja ni mtaalamu, uso unang'aa.

"Zaidi ya nusu wamejibu! Sijawahi kuona majibu namna hii."

"Wamejibu matusi, mpumbavu we!"

"Hata matusi ni uhusiano, fundi. Mteja akikasirika maana yake bado anajali."

Bosi ndiye aliyenishika mkono. Angechelewa kidogo, leo ningekuwa nasimulia mengine.

Shangazi alirudi Ijumaa. Nilimweleza mwenyewe, mbele ya bosi, mpaka mwisho, na sehemu yangu sikuificha. Nilitaka anitukane, walahi nilitaka. Hakunitukana. Akavaa miwani, akaanza kupiga simu moja moja, anaomba radhi, hauzi kitu. Wengine walimkatia. Anajua Kila Kitu alicheka, akasema hata mkewe humwita hivyo hivyo. Ile namba moja Shangazi hakuigusa. Saa ya mchana akanituma ofisini kwa yule mama.

Mlinzi wa getini alinijua. Akasema yule mama hayupo tena, Jumatano mumewe alikuja kumwachisha kazi.

"Alikuja peke yake?"

"Alikuja naye. Mama alisimama pale ukutani, amejifunga kitambaa mpaka machoni. Nilimsalimia, hakuitika."

Nilirudi nikalisema hilo neno kwa neno. Shangazi alikaa. Bosi akakohoa, akasema labda tumwambie mtaalamu aandike ujumbe mzuri wa kuomba msamaha, autume kwa wote kwa pamoja. Nilimwambia bosi atoke mbele yangu. Mwajiri wangu, ndiyo, nilimwambia atoke, na akatoka.

Ndipo akaingia mwanamke mmoja, mgeni, mkoba begani. Akaizunguka mashine ya dirishani, akaigusa gurudumu, akauliza bei. Kisha akaegemea kaunta, akashusha sauti kama wanavyofanya wote wakifika kwa Shangazi.

"Nimeipenda, Shangazi. Ila nyumbani kwangu, unajua, kuna jambo..."

Shangazi akanyanyua mkono upesi.

"Usiniambie, mwanangu," akasema. "Bei iko pale ukutani."